Shule Haimaliziki kwa Siku ya Mchango

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi



Halmashauri imetuamuru tuseme mbele yenu habari za shule zetu. Desturi ya hotuba kama hii ni kuisifu elimu tangu mwanzo hata mwisho, kisha watu wakapiga makofi wakaenda kula. Leo twaomba ruhusa tuiache desturi hiyo. Hapana mtu katika chumba hiki asiyejua faida ya elimu; wazee wetu waliijua kabla sisi hatujazaliwa, na wengi wenu mliuza ng'ombe ili sisi tushike kalamu hii. Neno tunalotaka kuliuliza ni gumu zaidi, nalo ni hili: yawaje watu wanaoipenda elimu kiasi hicho waiache shule yao isimame peke yake?

KUTA ZISIZO NA PAA

Mtakumbuka ya kwamba mwaka 2023 sekondari ya chini ilianza, na watoto wa Gredi ya 7 wakawekwa katika viwanja vya shule za msingi. Shule nyingi hazikuwa na vyumba vya kuwapokea, sembuse chumba cha maabara. Ndipo Chama chetu kilipoazimia kuisaidia shule moja ya tambarare, ili ijengewe madarasa mawili. Hatutaitaja shule hiyo kwa jina, kwa kuwa aibu tutakayoisimulia si yake, ni yetu.

Siku ya mchango ilikuwa kubwa. Mahema yalisimamishwa, wageni wakaalikwa, kwaya zikaimba. Waliokuwa na fedha walitoa fedha, na wasiokuwa nazo walileta kuku, mahindi na mbuzi, vikauzwa kwa mnada pale pale. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda hata usawa wa linta. Hapo zikasimama. Fedha za mabati na mbao zilikuwa zimekwisha.

Tukaita mchango wa pili. Wakaja nusu ya watu. Tukaita wa tatu. Wakaja wazee wachache, mwalimu mkuu, na sisi makarani. Basi tukasema watu wamechoka. Wengine kati yetu wakasema watu wa tambarare hawapendi maendeleo, na neno hilo likaandikwa katika kumbukumbu za Halmashauri kwa mkono wetu wenyewe. Limo humo hata leo, nasi hatukulifuta, ili litufundishe.

Baadaye tulitumwa kwenda kuhesabu mifuko ya saruji iliyosalia. Tulipokuwa pale akaja mama mmoja, mtu mzima, aliyemfuata mjukuu wake baada ya masomo. Asubuhi ndovu walikuwa wameonekana karibu na njia ya shule, naye hakutaka mtoto arudi peke yake. Akatuamkia, akatutazama tukihesabu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, yule mbuzi wangu aliuzwa kwa shilingi ngapi?"

Tukalifungua daftari. Tulikuwa tumeandika mstari mmoja tu, "Mapato ya mnada", na jumla mbele yake. Mbuzi wa yule mama hakuwamo, wala kuku wa jirani yake hakuwamo. Tukamwambia hatujui. Hakukasirika, wala hakutushitaki kwa wizi. Alisema tu ya kwamba alitaka kumwonyesha mjukuu wake ukuta na kumwambia, "Matofali haya ndiye mbuzi wetu." Kisha akamshika mtoto mkono wakaenda zao.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliongeza ubaya mwingine juu ya huo: tulikuwa na daftari, na bado habari zikapotea. Hapana shilingi iliyoibiwa. Hesabu zilikaguliwa nanyi mnazo. Walakini mtu aliyetoa mali yake hakuweza kuiona tena, na mtu asiyeiona mali yake katika jambo huliacha jambo hilo kwa wenyewe.

WALIOTUTANGULIA

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza badala ya kuhutubu. Kabla hatujawaambia tuliyoyasikia, twaomba tuwakumbushe kidogo safari ya shule katika nchi hii, maana tuliyoyakosea yalikuwa yamekwisha kukosewa na wengine, na tuliyoyasahau yalikuwa yakijulikana na babu zetu.

Elimu ya vitabu ilifika kwetu mapema. Bwana J. A. Wray wa CMS alianza kazi Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bura mwaka 1892. Mapadre na wachungaji walileta vitabu. Miti, udongo na nyasi za vyumba vya kwanza vya vijijini vilitoka mikononi mwa watu wa mahali. Mzazi aliyekandika ukuta hakuhitaji kualikwa aje autazame. Ukipasuka, alijua ni wake, akaja na udongo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wa milima hii waliunda chama chao, Taita Hills Association, kwa ajili ya ardhi yao. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Katika jambo la ardhi hapana aliyehitaji kuelezwa kwa nini aje mkutanoni, kwa kuwa kila mmoja alilijua shamba lililokuwa hatarini. Twawauliza, ndugu, je, kila mzazi wetu ajua ni chumba gani kilicho hatarini, na ni mtoto gani atakayekaa nje?

Tena tazameni mifereji ya maji, ya milimani na ya Taveta. Kuuchimba mfereji ni kazi kubwa, lakini ni ya mara moja. Kinachouweka hai ni kuuzibua kila msimu, na kila mtu kuijua zamu yake ya maji. Mfereji uliochimbwa kwa shangwe na kuachwa bila zamu hujaa mchanga, na wa chini hubaki na kiu. Babu zetu hawakuwa na katiba iliyopigwa chapa, lakini hilo walilijua.

Baada ya uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliita Harambee, na wananchi wakaitika kwa nguvu ambayo haikutazamiwa. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari zilizoanzishwa kwa nguvu za wananchi zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Hiyo ni sifa kubwa ya Kenya. Walakini nyingi katika hizo zilikuwa na kuta bila walimu waliofundishwa, bila vitabu, bila vyombo vya sayansi. Maana siku ya mchango hununua saruji, nayo haimnunui mwalimu wa mwaka wa tano.

Jirani zetu wa Tanzania waliyaona mambo hayo hayo. Kuanzia mwaka 2006 wananchi wao walijenga shule za sekondari za kata kwa maelfu katika muda mfupi, na watoto wengi ambao wasingaliona mlango wa sekondari waliuona. Ila kazi ya kuwapata walimu na maabara iliendelea miaka mingi baada ya shangwe kwisha. Na kabla ya hapo, ng'ambo ya Taveta, katika ule mlima tunaouona asubuhi mawingu yakipanda, Wachaga walikuwa wamefuata njia nyingine. Chama chao cha ushirika wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na sehemu ya mapato ya kahawa ikasaidia elimu ya vijana wao. Faida ya njia hiyo ni kwamba haikungoja sherehe. Kila mavuno yalikuwa na fungu lake, kidogo lakini la hakika.

NENO "BURE" NA MAANA YAKE

Yapo mambo mengine yaliyotulegeza. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Watoto wakajaa, na shule zikabaki bila fedha za kujengea vyumba. Ndipo ikatozwa michango ya ujenzi, ambayo mahali pengi ilikuwa mizito kuliko karo iliyoondolewa, na watoto wa maskini waliokuja kwa furaha wakarudi nyumbani. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, safari hii kwa madarasa yote, na wanafunzi nchini wakaongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Lilikuwa jambo jema, wala hatutaki mtu alirudishe nyuma. Lakini wazazi wengi walilisikia neno "bure" wakadhani maana yake ni "si kazi yetu tena". Waliacha kulipa, na pamoja na kulipa wakaacha kufika, kuuliza na kukagua.

Wazee wetu, kulipa na kushiriki ni mambo mawili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kuzuiliwa shuleni kwa sababu ya kutolipa mchango uliokubaliwa, na yakataza mtu yeyote kukusanya mchango bila kutoa stakabadhi. Sheria hiyo hiyo yawapa wazazi na jamii viti katika halmashauri ya usimamizi wa shule, na kila shule yatakiwa iwe na chama cha wazazi. Basi mlango umefunguliwa na sheria. Ni sisi tuliosimama nje tukilalamika ya kwamba ndani kuna giza.

TULIYOYASIKIA

Sasa twawapa majibu tuliyoyapata kijiji kwa kijiji, bila kuyapamba.

Neno la kwanza lilikuwa la saa. Sisi tulikuwa tukiita mikutano saa nne asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa inayotufaa sisi wa ofisini. Saa hiyo wakata mkonge wako shambani wakimaliza kipande chao, na akina mama wako njiani na mitungi ya maji. Tulikuwa tumeandika "hawakufika" mbele ya majina ya watu ambao tuliwaita saa wasiyoweza kufika.

Neno la pili lilitoka kwa akina mama. Maji yote yaliyokorogea saruji yalibebwa nao, katika mwaka wa ukame, kutoka mahali ambapo hata ya kunywa yalikuwa haba. Katika orodha ya wahisani iliyosomwa siku ya kufunga kazi, hapana mmoja wao aliyetajwa. Walisikia majina ya waliotoa noti, wakanyamaza.

Neno la tatu ni lile la mbuzi. Wengi walisema hawakupata kusomewa hesabu tangu siku ya mnada.

Neno la nne lilitushangaza. Wazee kadhaa walisema hawaendi shuleni kwa sababu hawakusoma, nao huona haya kukaa mbele ya walimu. Twawaambia wazee hao mbele ya mkutano huu: mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, wahesabu ushiriki wa wazazi na jamii kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Watoto watakiwa wajifunze kilimo, kazi za mikono, mila na lugha za kwao. Ni nani atakayewafundisha majina ya miti ya Sagalla, au hadithi za Kidawida na za Kitaveta, kama si ninyi? Mwalimu aliyetoka mbali atawapokea kwa shukrani.

YALIYOFANYIKA

Tulirudi kwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, tukaomba radhi, kisha tukafanya mambo machache, madogo.

Tuliandika hesabu yote upya kwenye karatasi kubwa, kwa Kiswahili chepesi, ikabandikwa mlangoni. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu alichotoa, na tulipokubaliana, tukaandika: mbuzi mmoja, debe la mahindi, mitungi ya maji, siku za kuchimba msingi. Kazi ya mikono iliandikiwa stakabadhi sawasawa na fedha. Mikutano ikahamishwa ikawa alasiri. Na kila kitongoji kikachagua watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kuja kusikia hesabu na kurudi kuieleza nyumbani. Watu hao hawachukui mamlaka ya halmashauri ya shule. Wao ni macho na masikio ya wenzao.

Jambo hili si geni katika wilaya zetu. Huko Kasigau, ambako wakazi walihamishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915 wakapelekwa Malindi, na waliorudi wakaanza upya, fedha za mradi wa kaboni wa kuhifadhi misitu zimekuwa zikisaidia maji, majengo ya shule na karo za watoto, na kamati zilizochaguliwa na wakazi wenyewe zina sauti katika matumizi hayo. Fedha zilitoka mbali sana, lakini shauri lilikatwa pia nyumbani.

Matokeo yetu ni haya, nasi hatutayakuza. Chumba kimoja kimeezekwa, na watoto wamo. Chumba cha pili bado ni kuta. Mchango wa mwezi ni mdogo, lakini haujakatika. Na yule mama alifika mkutano wa kwanza wa alasiri, akamwomba mjukuu wake amsomee karatasi ya mlangoni tangu juu hata chini. Walipoufikia mstari wake, alimwambia mtoto aurudie.

TUNAYOOMBA

Bwana Mwenyekiti, katika ajenda ya leo lipo shauri la kuzihamisha fedha za Chama zilizosalia, ziende kwenye mradi mwingine ulio karibu na barabara kuu, ambako wageni watauona. Wenye shauri hilo ni ndugu zetu, na hoja yao ina nguvu: chumba cha pili kimekawia, na wanachama wataka kuona kazi. Lakini twauomba mkutano uzibakize fedha hizo pale pale. Tukiondoka sasa, tutakuwa tumewafundisha watu wale ya kwamba waliporudi, sisi ndio tulioondoka.

Pamoja na hilo twaomba maazimio manne. Kwanza, katika kila mradi wa shule unaoshikwa na Chama hiki, hesabu isomwe kwa wazazi kila muhula na kubandikwa mlangoni, na kila mchango upewe stakabadhi, uwe wa fedha, wa mali au wa jasho. Pili, asitajwe wala asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu mzazi wake hakutoa. Tatu, wanachama wa mijini watoe kidogo kila mwezi badala ya kingi mara moja kwa sherehe, na kila ajaye likizo apite shuleni akae darasani walau saa moja. Nne, wazee wawili au watatu wa kila mahali wakubali kualikwa na walimu, waje wawafundishe watoto yale ambayo hayamo katika kitabu.

Sisi tuliokabidhiwa kalamu tumejifunza ya kwamba karani aweza kujumlisha sawasawa na bado akakosea. Twaomba radhi kwa maandishi yale ya kuwaita watu wavivu. Na kwa ruhusa yenu, kumbukumbu za leo zitaandikwa chini yake ya kwamba tulikosea. Lililobaki ni la mkutano: kuna kuta za chumba kimoja zinazongoja mabati, na watoto watakaoingia humo wengine wamo mikononi mwa mama zao hapa nje, chini ya mti.